Posa Iliyosubiriwa Mumias

Jana baba yangu aliwakalisha wazee kumi na wawili sebuleni kwetu Mumias, tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, wakisubiri watu kutoka Unguja waje kuniposa. Kuku wanane walichinjwa. Viti viliazimwa msikitini. Hakuja mtu.

Leo mimi niko Doha, kwenye bustani ya hoteli yetu ya West Bay, nimebeba trei ya vikombe na nimevaa tabasamu la kazini. Sikulia. Nasema mapema maana najua wapenzi wa hadithi za mapenzi mnataka machozi, na mimi sina ya kuwapa. Baba alipopiga jana jioni nilikaa kitandani, chumba tunacholala wanne, nikayasubiri. Hayakuja. Ilikuja ganzi tu, ikaanzia vidoleni ikapanda, na mpaka leo mchana ilikuwa haijashuka.

"Latifa, inua kichwa, supervaiza anacheki," Jebet akanong'ona akinipita. Jebet ni msichana wa Kapsabet, rafiki yangu wa pekee hotelini, na mdomo wake hauna breki. "Na usimwangalie huyo Mzanzibari wako. Akikuangalia, angalia bahari."

"Simwangalii."

"Unamwangalia, manze. Hata trei yako imepinda upande wake."

Kweli ilikuwa imepinda. Makame alikuwa kwenye hema la pili, shati jeupe, mikono nyuma, akimsikiliza mgeni kwa ile shingo yake iliyoinama kidogo. Aliinua macho mara moja. Mimi nikaangalia bahari.

Siku yenyewe ilikuwa ya vita vya chai. Kila mwaka, Ijumaa ya mwisho ya Novemba, Waingereza na Wamarekani wanaoishi Doha hukodi bustani yetu ili watukanane kwa mapenzi. Waingereza huleta chai yao ya moto yenye maziwa, Wamarekani huleta ya kwao ya barafu na limau, kisha mfanyakazi mmoja wa hoteli huteuliwa kuonja na kutoa hukumu. Kiongozi wa Waingereza ni Bwana Tom, mhandisi mrefu mwembamba ambaye ukimkanyaga mguu anakuomba samahani yeye. Kiongozi wa Wamarekani ni Bi Daisy wa Texas, ambaye hahitaji kipaza sauti. Ni mume na mke. Wameoana miaka kumi na tisa.

"Mabibi na mabwana!" Bi Daisy alikuwa amepanda juu ya kiti. "Nyumba ya Mwingereza ikiwaka moto, Mwingereza anasema nini? Anasema, leo kuna kajoto!"

Hema la Wamarekani likapiga meza.

Bwana Tom akasubiri watulie. "Na Mmarekani akipewa glasi ya maji," akasema kwa upole, "anasema ndiyo glasi bora zaidi katika historia ya dunia. Kisha anaomba kubwa zaidi."

"Kwa sababu tunasema tunachotaka!"

"Ndiyo, mpenzi. Majirani pia wanasikia."

Wakacheka wote, na Bwana Tom akamshika mkewe mkono ateremke asianguke. Niliutazama ule mkono wake muda mrefu kuliko ilivyonipasa.

"Hawa ni sisi na Wabongo kabisa," Jebet akasema akipanga vijiko. "Sisi tunaitisha, wao wanaomba."

Hakukosea. Chumba chetu cha kulia wafanyakazi kimejaa utani huo. Watanzania hutuambia Wakenya tunaongea Kiswahili kama tunapigana. Sisi huwaambia wao wakitaka kukataa kitu wanakaribisha chakula kwanza. Mimi na Makame tulikutana ndani ya utani huo huo. Nilikuwa mgeni, wiki yangu ya pili, nikamwambia mtu niliyekaa naye meza moja, "Nipe chumvi." Akaishika ile chumvi, akanitazama kwa macho yanayocheka.

"Sema naomba, dada. Chumvi haijakukosea."

"Naomba chumvi."

"Haya. Sasa hata chumvi imefurahi."

Nilimpenda pale pale, siwezi kudanganya. Miezi minane tukanywa karak, chai nzito ya maziwa na iliki, mtaani Al Sadd kila siku ya mapumziko yetu, kwenye kibanda cha Mhindi wa Malabar, tumesimama, maana viti ni vya wenye magari. Mimi Mwislamu wa Mumias, yeye Mwislamu wa Makunduchi. Niliona Mungu ameshatupunguzia kazi, hakuna wa kubadili dini. Kilichobaki ni wazazi.

Basi mwezi wa tisa nikafanya kitu ambacho kwangu kilikuwa cha kawaida kabisa. Nilimwomba Makame namba ya mama yake. Akanipa huku akicheka, hakuuliza ya nini. Nikampigia.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Latifa Makokha, niko na Makame hapa Qatar. Tunapendana. Nimeona nikuambie mwenyewe badala ya wewe kusikia kwa watu. Nyumbani kwetu ni Mumias, baba atakuwa tayari kuwapokea Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Mtaweza kuja kuleta posa?"

Halafu sauti tamu, ya taratibu. "Marahaba mwanangu. Ahsante sana kwa kunipigia. Nimefurahi. Inshallah, Mungu akijaalia, tutakuja. Nisalimie sana wazee."

Sasa niambie wewe. Mtu amesema amefurahi, amesema tutakuja, amesalimia wazee. Nilikata simu nikampigia baba papo hapo. Baba akapaka nyumba rangi.

Filimbi ikalia. Saa ya hukumu ilikuwa imefika, na Bi Daisy akazunguka mahema akimtafuta mwamuzi. Akasimama mbele ya Makame, akasoma kibandiko cha jina kifuani pake.

"Makame! Una uso wa mtu mkweli. Twende."

"Madamu, mimi niko kazini."

"Hii ndiyo kazi!"

Wakamweka katikati ya nyasi, mbele ya watu kama themanini. Kikombe cha moto mkono wa kulia, glasi ya barafu mkono wa kushoto. Akasema bismillahi, akanywa cha kwanza. Akatulia. Akanywa cha pili. Watu wakanyamaza.

"Haya," Bi Daisy akasema. "Ipi bora?"

Makame akatabasamu. "Hii ya moto, mashallah, inatuliza roho. Na hii ya baridi, mashallah, inafaa sana kwa joto la hapa. Kila moja ina utamu wake."

"Hapana, hapana. Chagua moja!"

"Zote zimetengenezwa kwa moyo mzuri, madamu."

"Moja, Makame!"

"Ukinikaribisha kwako ntakunywa hii. Bwana akinikaribisha kwake ntakunywa ile."

Hema la Waingereza likalipuka. Bwana Tom alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu ni wetu!" akapaza sauti, mara ya kwanza kumsikia akipaza. "Mpeni pasipoti! Huyu ni Mwingereza kabisa!"

Kila mtu alicheka. Jebet alicheka. Supervaiza alicheka. Mimi nilisimama na trei yangu nikamtazama mwanamume ninayempenda akishindwa kuchagua kati ya chai na chai, na nikaelewa kilichotokea jana Mumias bila mtu kunieleza. Ule uelewa wenyewe haukuniuma. Ulipita tu, na mimi nikaendelea kusimama.

Bi Daisy akaja kwangu akijipepea, akachukua maji kwenye trei. "Miaka kumi na tisa naishi na mtu wa namna hiyo," akasema. "Unajua mama yake Tom nilimwokea keki ya viazi vitamu, ile ya kwetu? Akaonja akasema, 'Ni keki ya aina yake.' Mimi nikajua ameipenda. Nikampelekea kila Jumapili mwaka mzima."

"Hakuipenda?"

"Alikuwa anampa mbwa."

"Nani alikuambia mwishowe, madamu?"

"Tom. Baada ya mwaka! Nilimnunia wiki nzima." Akanywa maji, na kwa mara ya kwanza leo sauti yake ikashuka. "Si kwa sababu ya mama yake. Mama yake alikuwa na adabu zake tu. Ni kwa sababu yeye alijua, na kila Jumamosi alikaa jikoni akinitazama nikioka."

Akanirudishia glasi, akanigusa bega, akarudi vitani. Hakujua amenifanya nini. Nilikumbuka mwezi wa kumi, Makame akinisindikiza kununua kitambaa cha gauni la posa. Alisimama mlangoni mwa duka saa nzima akishika mkoba wangu. Nilimuuliza, "Hiki cha kijani au cha maziwa?" Akasema, "Vyote vinakupendeza."

Nilimkabidhi Jebet trei.

"Unaenda wapi? Latifa, usianze vituko hapa."

"Dakika kumi."

"Wacha akutafute yeye!"

"Hatanitafuta, Jebet. Atasubiri nisahau."

Makame alikuwa nyuma ya hema la jikoni, kwenye masanduku ya barafu, akisuuza vile vikombe viwili. Aliponiona akakausha mikono harakaharaka, akasimama wima kama mbele ya mkubwa.

"Latifa. Umekula?"

"Usiniulize kama nimekula."

"Haya."

"Jana watu wenu hawakufika."

"Nimesikia. Nimeumia sana, wallahi. Nilitaka nije jana nikupe pole, nikaona nikuache upumzike."

"Pole ya nini? Nani amekufa?" Sauti yangu ilikuwa tulivu mpaka nikaishangaa. "Mama yako amekataa?"

"Hajakataa."

"Hajakataa na hajaja. Kwa hiyo amefanya nini?"

Akatazama viatu vyake. "Hebu nisikilize kwa moyo mkunjufu. Kwetu mtoto wa kike hapigi simu kujisemea posa. Inatoka huku kwa mwanamume, wanatumwa washenga, watu wazima, wanabisha hodi na maneno yao. Weye ulipompigia mama ukamtajia na siku... yule mama hakujua auweke wapi uso wake. Lakini angekwambiaje hapana, mtoto wa watu, uko ugenini, umemwamkia vizuri? Angekutia aibu. Akakwambia inshallah."

"Akasema tutakuja."

"Akasema Mungu akijaalia."

"Makame, baba yangu alipaka nyumba rangi!"

Ilikuwa mara ya kwanza sauti kunipanda. Mpishi mmoja Mnepali akachungulia, akarudi ndani.

"Wewe ulijua lini?" nikamuuliza.

"Latifa, tusizungumze haya hapa."

"Ulijua lini?"

Huko mbele Wamarekani walikuwa wakiimba kitu, na Waingereza wakiwazomea. Makame alivua kile kibandiko cha jina kifuani pake, akakiweka mfukoni, kama hakutaka jina lake lisikie.

"Usiku ule ule," akasema. "Mama alinipigia. Aliniuliza, huyu binti ana wazee wake au hana?"

"Miezi miwili."

"Nilidhani utafahamu mwenyewe. Kila ukinitajia Mumias mie nilinyamaza. Kwetu mtu akinyamaza kila ukitaja jambo, unajua."

"Kwetu mtu akinyamaza amekubali."

"Nilikuwa nakuonea haya. Ulikuwa na furaha. Sikuwa na moyo wa kuikata."

"Ulinishikia mkoba, Makame. Nikichagua kitambaa."

Macho yake yalijaa. Ya kwangu yalikuwa makavu, na nilimwonea wivu, kwamba yeye aliyenyamaza ndiye anayepata kulia. Ule uso niliupenda. Naupenda hata sasa ninapousimulia, ule mfereji mdogo kati ya pua na mdomo, ule unyusi mmoja uliokatika alipoanguka kwenye mnazi akiwa mdogo. Nilitaka kuinua mkono niuguse, mkono ukakaa pale pale.

Simu yangu ikatetemeka. Baba.

"Latifa, habari ya huko?" Baba yangu ni mwalimu mstaafu, anapiga simu kama anasoma ilani. "Hao watu wamepatikana? Isije ikawa walipata ajali njiani na sisi tunawasema vibaya. Wazee wananiuliza, sina la kuwaambia."

Nilimtazama Makame. Nikamnyooshea simu.

"Mwambie."

"Mimi?" Akarudi nyuma hatua moja. "Latifa, hivyo sivyo. Baba mtu mzima, nizungumze naye huku kwenye barafu, bila hata mtu wa kunitambulisha..."

"Anauliza kama mama yako amepata ajali. Mjibu."

Aliichukua simu kwa mikono miwili. Aliinamisha kichwa, utadhani baba anamwona.

"Assalamu alaykum. Shikamoo baba. Ndo mimi Makame."

Sikusikia jibu.

"Alhamdulillahi, hawakupata ajali, baba. Wazima. Hawakutoka nyumbani." Akafumba macho. "Hawakuwa na nia ya kuja, na mimi nilijua. Nimejua miezi miwili na sikumwambia Latifa. Yeye hana kosa. Kosa ni langu mimi, na naomba unisamehe kwa ajili ya wale wazee."

Nilimsikiliza akiyasema yale maneno niliyoyatafuta, wazi, moja baada ya jingine. Sijui kama kuna mtu Makunduchi nzima amewahi kuongea vile na baba wa msichana. Kifua changu kikasogea kidogo, kama mguu uliokaliwa muda mrefu unapoanza kunyooshwa. Nikaogopa kutumaini.

"Baba, likizo yangu inaanza Jumatatu," Makame akaendelea, maneno sasa yakimtoka kwa kasi. "Ntakuja mwenyewe. Ndiyo. Peke yangu, baba. Ntabisha hodi mwenyewe, niseme mwenyewe. Najua sivyo inavyofanywa. Hii aibu tugawane, yeye alipiga simu peke yake, na mimi nije peke yangu."

Akanitazama aliposema hivyo. Nilisahau masanduku ya barafu, nilisahau mpishi. Kwa muda wa pumzi mbili hivi nilikuwa msichana mwenye gauni la posa.

Kisha uso wake ukabadilika. Akasikiliza muda mrefu. "Ndiyo baba," akasema. "Nimefahamu, baba." Akanirudishia simu, tena kwa mikono miwili. "Anakutaka."

"Latifa," baba akasema. "Huyo kijana ana adabu. Nimependa alivyosema. Lakini nimemwambia hapana."

"Baba..."

"Ngoja nimalize. Jana Mzee Wangara alitoka Matungu kwa miguu, na ana miaka themanini na moja. Alikaa kwenye kile kiti mpaka alasiri, hakuuliza kitu. Wakati wa kuondoka aliniambia tu, 'Mwalimu, nyumba yako imependeza.' Siwezi kuwaita tena waje kumwona kijana mmoja ambaye mama yake hamtaki binti yangu. Hata sisi huku watu hawaji kuoa peke yao, hata kama wao wanadhani Wakenya hatuna utaratibu. Asije. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Kula vizuri huko. Unasikia? Ule."

Akakata.

Miezi minane nilikuwa nimewacheka Wazanzibari kwa kukosa neno hapana. Leo lilipokuja, halina sukari wala inshallah, lilitoka nyumbani kwetu.

Tulisimama. Mtu alipita na ndoo ya barafu, tukampisha, mmoja huku mmoja kule, kisha hatukurudi karibu.

"Ntakwenda kwetu kwanza," Makame akasema. "Ntakaa na mama. Ntamwambia amekosea na mimi nimekosea zaidi. Ntamtafuta mjomba, washenga, kila kitu, safari hii kama inavyotakiwa. Mwaka, miaka miwili, mpaka baba yako alainike. Latifa, nakuuliza sasa hivi, bila kuzunguka." Sauti ilimkatika, akaianza upya. "Utanisubiri?"

Mimi ndiye Mkenya. Mimi ndiye mwenye jibu kabla swali halijaisha. Nilifungua mdomo nimwambie ndiyo, nikamwona mlangoni mwa lile duka, mkoba wangu begani mwake, akinitazama nikipima kitambaa kwenye kioo. Nikataka kumwambia hapana, nikauona uso wake umejaa maji na macho yake yananipenda, yananipenda kweli, hilo sikuwa na shaka nalo. Sikuweza kumkata. Ndipo nilipomwelewa mama yake, yule mama wa sauti ya taratibu, aliyemstahi mtoto wa watu.

"Latifa!" Jebet aliita kutoka mbele. "Supervaiza anakuita!"

Nilimnyooshea Makame kola yake iliyokuwa imekunjika upande mmoja.

"Nenda salama," nikamwambia, kwa upole ambao sikujua ninao. "Ahsante sana kwa kuongea na baba. Nimefurahi. Mungu akijaalia kheri, itakuwa. Nisalimie sana mama."

Nilimwona akilipokea neno moja moja. Kwanza tabasamu likaanza kumjia, kisha likasimama, kisha mabega yakashuka. Hakuuliza nina maana gani. Katika bustani ile nzima, hakukuwa na mtu mwingine ambaye angeelewa.